Muulize Anko: Hivi gemu ya maandishi matupu nayo ni gemu?

Wiki hii meseji nyingi ni za mpira kama kawaida, nimeziweka pembeni zisubiri, nimechukua tatu ambazo naona zinaongelea kitu kimoja japo wenyewe hawajuani. Twende.

SWALI: Shikamoo Anko. Mi na mdogo wangu tumebishana tangu juzi tukakubaliana we ndo utakuwa refa. Tumeenda ofisini kwa mjomba tukamkuta anacheza gemu haina picha hata moja, skrini nyeusi maandishi meupe, anaandika nenda kaskazini, chukua taa, yenyewe inamjibu kwa maneno. Mdogo wangu akacheka mpaka akakaa chini, anasema hiyo ni SMS sio gemu. Mjomba akachukia, akasema sisi tumelishwa picha mpaka ubongo umelala, eti gemu za zamani ndo zilikuwa zinamfanya mtu awaze. Nani mkweli? — *Mbishi wa Mbagala*

ANKO: Marahaba mwanangu. Refa nimeingia uwanjani na kadi mbili za njano, moja ya mdogo wako na moja ya mjomba, ila ya mjomba nitaichelewesha kidogo maana ni mtu mzima.

Mdogo wako anacheka babu yake bila kujua. Kuna pango kule Kentucky, Marekani, linaitwa Mammoth Cave, ndo refu kuliko mapango yote yanayojulikana duniani, njia zake zilizopimwa zimepita kilomita 680, yani ni Dar mpaka Arusha kwa barabara na chenji inabaki. Sasa kulikuwa na jamaa anaitwa Will Crowther, kazini kwake kampuni ya BBN walikuwa wanajenga ARPANET, ule mtandao uliokuja kuzaa intaneti, na nje ya kazi yeye na mke wake Patricia walikuwa watu wa mapango, wanaingia na taa kichwani wanatambaa wanapima wanachora ramani. Patricia huyo alikuwemo kwenye msafara wa 1972 uliopenya sehemu nyembamba na kugundua kwamba mapango ya Flint Ridge na Mammoth ni pango moja. Afu ndoa ikavunjika. Crowther akabaki na ramani zake na kuwakumbuka mabinti zake, basi kwenye miaka ya 1975 na 1976 akaandika programu ili wakija kumtembelea wawe na cha kucheza, gemu inaitwa Adventure, inakutembeza pangoni kwa maneno tu. Mwaka 1977 Don Woods wa Stanford akaikuta kwenye kompyuta ya chuo, akataka ruhusa ya kuiongezea, hajui Crowther yuko wapi, akatuma barua pepe kwa jina crowther kwenye kila kompyuta ya mtandao ule. Enzi hizo mtandao ulikuwa mdogo hivyo, ilimfikia.

Nataka nikuonyeshe inavyochezwa maana bila hapo tutabishana hewani. Unaanzia nje, mwisho wa barabara, mbele yako kijengo cha tofali na kijito kinatoka ndani yake. Unaandika *ingia*. Ndani kuna funguo, taa, chakula na chupa ya maji, unabeba. Unafuata kijito mpaka unakuta wavu wa chuma ardhini umefungwa, unafungua, unashuka. Unatambaa, unaokota kizimba, mbele unaokota fimbo nyeusi, mbele zaidi kuna chumba na ndani yake kuna kandege. Una kizimba mkononi, hata mtoto anajua cha kufanya, unaandika *kamata ndege*. Hakamatiki. Gemu inakwambia ulivyoingia alikuwa hana wasiwasi ila unavyomsogelea anahangaika. Imeishia hapo, haikuongezei neno. Watu wamekaa hapo masaa! Unajaribu kumpa chakula, unatoka unarudi, unatukana (kuna matusi mengine inayajibu), mpaka siku unaoga unashtuka: fimbo. Nimebeba fimbo. Ndege gani anakubali kufuatwa na mtu kashika fimbo? Unarudi unaiweka chini, unamkamata kiulaini, na huko mbele ukikuta joka limeziba njia unamfungulia huyo huyo kandege anakufukuzia joka.

Sasa fikiria hilo fumbo kwenye gemu ya picha. Fimbo ingekuwa inaonekana mkononi mwako muda wote, mchezaji wa miaka tisa angeiona sekunde ya kwanza. Kwenye maandishi mkono wako hauko kwenye skrini, uko kichwani, na kichwani mtu husahau alichobeba, kama unavyotafuta simu nyumba nzima umeishika. Hicho ndo kitu mjomba anajaribu kukisema akashindwa akaishia kutukana ubongo wa watu.

Na kuna mfano mwingine siwezi kuuacha. Zork, ilianza 1977 pale chuo cha MIT, vijana wanne, Tim Anderson, Marc Blank, Bruce Daniels na Dave Lebling. Mwanzoni ukitembea bila taa ulikuwa unatumbukia shimoni unakufa, sawa, pangoni kuna mashimo. Ila ikaonekana kituko maana ulikuwa unatumbukia shimo lisilo na mwisho hata ukiwa darini kwenye nyumba ya watu. Lebling akatoa mashimo akaweka kiumbe kinaitwa grue. Kinakaa gizani tu, mwanga kinaogopa, ukizubaa bila taa kinakula. Kinafananaje? Haiwezekani kujua, maana ukiwa na taa hakipo, ukiwa huna taa huoni. Bibi yangu angesikia hii angesema wamemuibia zimwi lake, maana miaka yote aliyotuhadithia, paukwa pakawa, hajawahi hata siku moja kutuambia zimwi lina macho mangapi, alisema tu linanusa, na kila mtoto mle ndani alilala na zimwi lake. Langu lilikuwa na nywele ndefu zimelowa, sijui nililitoa wapi. Mpe mchoraji wa gemu hilo zimwi, hata awe fundi vipi, ikifika saa kumi jioni bosi anataka picha, lazima aamue meno mangapi, na akishaamua basi mnalo moja mji mzima.

Haya, kadi ya mjomba. Kwanza maandishi yanachosha, tusidanganyane. Kompyuta za wakati ule zilikuwa zinaelewa maneno machache, we unaandika *vuta* yenyewe inataka *sukuma*, unaandika *bomoa* inasema hilo neno silijui, hapo huwazi pango wala hadithi, unawaza huyu mwandishi alikuwa anataka neno gani mpumbavu huyu, na mara nyingi unaachana nayo. Pili ni Kiingereza. Mi mwenyewe mara ya kwanza nilikwama kwenye ule wavu wa chuma sio kwa sababu fumbo ni gumu, nilikuwa silijui hilo neno, nikadhani ni aina ya mnyama, nikajaribu kumlisha.

Tatu, picha hazijawahi kuzuia mtu kuwaza. Mjomba hakukaa vibanda vya PS? Sisi tulicheza Winning Eleven ya Kijapani, menyu yote Kijapani, tulikariri tu kwamba ya tatu kutoka juu ndo kombe, na zile gemu za vita zenye stori tulikuwa hatuelewi hata neno moja wanaloongea, kwaiyo tulitunga wenyewe, yule mwenye koti ni shemeji yake, amemdhulumu mali ya baba, ndo maana anamfukuza, na stori ikarithishwa kibanda kizima mpaka kuna mtu alikuja kucheza ya Kiingereza baadae akarudi amekasirika anasema shemeji hayumo. Ni kama muvi za kibanda umiza, Lufufu huku kwetu au DJ Afro kwa Wakenya, picha ni ya Hong Kong ila hadithi uliyotoka nayo ni ya mtu aliyeshika maiki. Picha ilikuwepo mbele ya macho, pengo lilikuwa kwenye maneno, tukalijaza.

Halafu waliotengeneza gemu za hadithi zenye picha ni watoto wa zile za maandishi. Roberta Williams alipagawa na lile pango la Crowther, akaona kuna kitu kinakosekana, mwaka 1980 yeye akachora na mume wake Ken akaandika programu ya kompyuta ya Apple II, ikaitwa Mystery House, picha zake ni mistari mieupe kama mtoto kachora na chaki ila watu hawakuwahi kuona kitu kama kile. Na unajua kafanya nini uzeeni? Mwaka 2023 yeye na Ken wakatoa lile lile pango la Crowther kwa picha za 3D, unazunguka kila kona. Niliona video yake, kazi nzuri, ila nilisikia wivu wa kijinga, halikuwa pango langu. Langu lilikuwa linanuka stoo ya bibi, magunia na mafuta ya taa.

Kwaiyo matokeo: mwambie mdogo wako hiyo ni gemu, tena akae acheze nusu saa bila kucheka nimuone. Mjomba apunguze.

SWALI: Habari za kazi kaka. Mdogo wangu wa kiume alipoteza kuona akiwa na miaka 14, sasa ana 19. Alikuwa mpenzi mkubwa wa gemu na wenzake wakija kucheza anakaa tu anasikiliza wanavyopiga kelele, inaniuma. Kuna gemu yoyote anaweza kucheza peke yake kwenye simu, au ndo basi? — *Mama Pacha, Tanga*

ANKO: Salama dada, na mpe salamu zangu huyo kijana. Sio basi hata kidogo. Umeandika wiki nzuri kweli maana hizo gemu za maandishi ambazo mtoto wa Mbagala kazicheka, ndo watu wasioona wamezishika miaka yote, sababu ni rahisi tu, hazina cha kukosa. Simu ya Android ina kitu kinaitwa TalkBack kwenye mipangilio, kinasoma kilichoko kwenye skrini kwa sauti, gemu inasema uko mbele ya nyumba nyeupe, simu inamsomea, anajibu kwa kuandika au kwa kuongea, na anachokijua yeye kuhusu hiyo nyumba ni kile kile ninachokijua mimi mwenye macho. Hapo tuko droo kabisa.

Atafute programu ya kuendeshea hizo gemu inayokubali kwenye simu yake, halafu faili la gemu lenyewe. Zork ya kwanza haifiki hata kilobaiti 128, picha moja ya harusi uliyotumiwa WhatsApp jana inaizidi mbali, kwaiyo bando lisikutishe. Akishazoea mpe Planetfall ya Steve Meretzky, ya 1983, mle ndani kuna karoboti kanaitwa Floyd kanamfuata mchezaji kama mtoto wa jirani, kanataka kucheza, kanauliza uliza. Kanachokipata sisemi ila kuna watu wazima na kazi zao walilia kwa ajili ya karoboti ambako hawajawahi kukaona sura.

Tahadhari moja. Akikwambia mwenzake kamshauri Rogue au NetHack kwa sababu nazo ni za herufi, mwambie aziache kwanza. Zile herufi ni mchoro, alama ya @ ndo wewe, nukta ni sakafu, herufi nyingine ni majoka, mwenye macho anaona chumba ila TalkBack itamsomea nukta nukta nukta nukta et nukta nukta mpaka aitupe simu. Maandishi hayafanani, dada.

Kuna Mjapani mmoja alikuwa anaitwa Kenji Eno, alikutana na mashabiki wasioona wanaocheza gemu zake za picha kwa shida, mwaka 1997 akatoa gemu ya mashine ya Sega Saturn inaitwa Real Sound, skrini haionyeshi picha kabisa, mwenye macho na asiye na macho wanakaa kochi moja wanasikiliza hadithi na kuchagua. Na hata hawa wa picha kali wameanza kujirekebisha, The Last of Us Part II ya 2020 iliwekewa mipangilio zaidi ya 60 na watu wasioona kabisa wameimaliza mpaka mwisho kwa sauti na mtetemo, ila hiyo inataka PS na hela, ndo maana nimeanza na ya bure.

Kama Kiingereza kinamsumbua, kaa nae wewe. Msomee kwa Kiswahili chako cha Tanga, ongeza chumvi, yeye anakwambia cha kuandika. Hao pacha nao wataacha katuni waje kusikiliza, utaona.

SWALI: Anko mambo? Mi niko chuo Mwanza, nataka kutengeneza gemu ya hadithi ya Kiswahili maana picha siwezi kuchora na laptop yangu ni mkweche. Nimeanza hivi: *"Uko ndani ya chumba chenye giza nene la kutisha sana, hofu imekujaa moyoni, jasho linakutoka, unahisi kuna mtu anakuangalia."* Kuna mwanamke mrembo wa ajabu anakuja baadae ndo muuaji. Nianzie programu gani na unaionaje? — *Mkweche, Mwanza*

ANKO: Poa mwanangu. Programu kwanza niimalize haraka: chukua Twine, ni ya bure, aliitoa Chris Klimas 2009, haitaki ujue kuandika programu, unaandika vipande unaviunganisha kwa mishale, mchezaji anabonyeza maneno badala ya kuandika. Laptop mkweche inaibeba.

Najua utatamani ile ya kuandika amri kama Zork. Nakushauri usianzie huko, na sababu ni ya Kiswahili chenyewe. Lile pango la Crowther lilikuwa linaangalia herufi tano tu za mwanzo za kila neno, kwa sababu kwenye mashine ile, PDP-10, tano ndo zilikuwa zinaenea kwenye nafasi moja ya kumbukumbu. Kiingereza kinavumilia hilo, kitenzi kinaanza na mzizi. Sasa mchezaji wako aandike *ninachukua* na mwingine aandike *ninachimba*, kata herufi tano uone: ninac, ninac. Mtu anataka mkate gemu inamchimbia kaburi! Kompyuta ya leo haina shida ya nafasi lakini bado itabidi uifundishe kwamba chukua taa, ichukue, naichukua, niichukue na nimeichukua ni jambo moja, na huo ni mtihani wa mtu wa lugha sio wa mwanafunzi mwenye mkweche. Siku ukiuweza nitafute, nitakununulia soda kreti zima.

Ila Kiswahili kina zawadi moja ambayo hao wa MIT hawakuwa nayo, na we umeitupa. *A-*. Amesimama, amekuja, ameondoka. Mwanaume au mwanamke? Hatujui! Kwa Kiingereza sentensi mbili tu mwandishi kashajifunga, he au she, na picha ndo kabisa, ukichora mtu lazima uchore na maungo yake. We unaweza kumtembeza muuaji gemu nzima, anaongea, anacheka, anakula na mchezaji, na mchezaji akawa amemvisha kanzu kichwani mwake, mpaka chumba cha mwisho. Halafu unaniandikia "mwanamke mrembo wa ajabu"! Mfute urembo. Andika mtu amejifunika shuka, basi.

Hicho chumba chako nacho. Umeogopa kwa niaba yangu, umetoka jasho kwa niaba yangu, mi nimebaki na nini cha kufanya? Nimeichukua nikaiandika upya, nisamehe, ni ugonjwa wangu:

*Chumba cha nyuma. Mezani kuna chemli imezimwa, kioo chake bado cha moto. Mlango wa uani uko wazi.*

Tangu jana usiku nimekuwa naicheza hiyo kichwani. Nimeandika *gusa chemli*, nimeungua kidole. Nimeandika *ita*, nikaogopa nikafuta. Nimeandika *toka nje*, na hapo ndo hujaandika kitu. Maliza huo uani unitumie kabla ya toleo lijalo, nataka kujua nani kazima taa.